Sura ya Tisa: Glavu Nyeupe Kaburini

Jengo la loji, nyumba ya vikao vya Frimasoni, lilikuwa limelala. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya Jumatano, joto limefunga madirisha ya mtaa mzima, na hata lile geti la chuma lilifunguka bila kelele. Kwenye benchi la mlangoni mzee mmoja alikuwa amejinyoosha, kofia usoni. Rundo la funguo lilikuwa juu ya tumbo lake, likipanda na kushuka polepole.

Mama Lenzi akakohoa.

“Daktari yuko juu,” mzee akasema kutoka chini ya kofia. “Futa viatu.”

Akafuta viatu. Alikuwa amekaa miaka thelathini na moja katika chumba cha alama za vidole cha polisi, na kama kuna kitu alichojifunza humo, basi ni kutobishana na mtu mwenye funguo. Jina la Mama Lenzi alilipata humo humo, kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni kwa kamba. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani, ikaharibika mwezi wa pili. Kioo bado kilikuwa shingoni, na watu bado walimjia na mambo yao.

Safari hii aliyemjia alikuwa fundi wa kushona nguo, mwanamke wa miaka sabini na tisa ambaye mtaa wake ulimwita Bibi Fundi. Alikuja Jumatatu, akaweka bahasha mezani, akakaa. Ndani yake mlikuwa na vitu vitatu: picha ya zamani ya wanaume kumi na mmoja, kipande cha babu yake, yaani kadi yake ya kazi, na fomu ya manispaa. Makaburi ya zamani yalikuwa yanahamishwa ili kupisha bwawa la maji. Kila familia iandike nani ahamishwe, na alazwe karibu na nani. Wasioandikwa watakusanywa na kuzikwa pamoja katika shimo moja. Fomu irudi Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

“Tuna watu wawili pale,” Bibi Fundi alisema siku hiyo. “Shangazi yangu, aliyekufa ana miaka saba. Na babu, baba yake huyo shangazi. Mtoto hana neno, atahama. Neno liko kwa babu.”

“Ana nini babu?”

“Alikuwa Frimasoni. Alimtoa kafara.”

Alilisema kwa sauti ile ile ambayo angetajia kipimo cha kiuno. Kisha akaeleza. Jioni mtoto alipougua, baba yake alikuwa loji. Asubuhi mtoto hakuwepo tena. Na kaburini, mbele ya watu wote, yule baba alivua glavu nyeupe mikononi mwake, akazitupa shimoni juu ya jeneza, na tawi bichi juu yake. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona mambo ya namna hiyo. Watu wakanong'ona kwamba ile ni alama, kwamba mzigo umewafikia waliouagiza. Kando ya kaburi alisimama mdogo wa marehemu, mvulana wa miaka mitano, ambaye baadaye angekuwa baba yake Bibi Fundi. Aliona kwa macho yake, na tangu alipopata akili ya kuchukia hakumwita tena yule mtu baba.

“Na wewe ulimjua?” Mama Lenzi aliuliza.

“Nilimwona mara moja tu. Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa kitandani, mapafu yamembana, wakubwa wananong'ona, tunajua anakwenda. Babu akaja akabisha hodi. Mama akaniambia, kamwambie hamna mtu. Nikafungua kidogo, nikamwambia hamna mtu. Akaniangalia. Halafu akanipa mgongo, akasimama pale pale mlangoni. Hasemi, haondoki. Tulijua anatutegea kitu. Baba akapona, ikasemekana maombi yamemshinda babu.” Bibi Fundi aliinamia mikono yake, iliyojaa vidoti vya sindano. “Mdogo wangu anasema aachwe, aende shimoni na wasio na watu. Lakini mwenye kusaini ni mimi, mkubwa. Nikikosea huku, namlaza mtoto na aliyemuua. Nikikosea kule, namtupa mzee wa watu bure. Sina mahali pa tatu, mwanangu.”

Ndiyo maana Mama Lenzi alikuwa hapa, na siku mbili mkononi.

Alipanda ngazi zilizotandikwa zulia nene. Nyayo zake hazikutoa sauti, akahisi uzito wake umebaki chini kwa mzee mwenye funguo. Juu palikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, na madirisha ya vioo vya njano yaliyomwaga mwanga mzito kama asali. Vumbi lilielea ndani ya mwanga huo bila kutua. Saa kubwa ukutani ilikuwa imesimama saa kumi na dakika kumi, haijulikani ya mwaka gani. Alikuwa hajawahi kufika mahali hapa maishani mwake, lakini kwa hatua kadhaa aliamini amekwisha kupita, labda katika usingizi wa homa ya utotoni.

Katibu wa loji, aliyemkuta katika chumba cha vitabu mwisho wa ukumbi, alikuwa daktari wa meno. Alikuwa mtu wa makamo mwenye vidole safi kupita kiasi, na kwa mazoea ya kazi alimtazama mgeni mdomoni kwanza, ndipo akapanda machoni.

“Nina mgonjwa saa kumi,” alisema. “Mpaka hapo mimi ni wako, mama. Vitabu havitoki chumba hiki. Kupiga picha hapana. Na kuna kurasa nitakuomba usizifungue.”

“Nitazijuaje?”

“Nimezibana klipu.” Akamvutia kiti. “Wengi wanaokuja hapa huuliza kama tunakunywa damu. Mimi damu naiona kutwa nzima kazini, siitamani.”

“Mimi nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja tu.”

“Huyo nimemtafuta ulipopiga simu. Nimepitia orodha ya wanachama, miaka kumi kabla ya kifo cha yule mtoto na kumi baada. Jina lake halimo.”

Mama Lenzi akafungua mkoba. Alitoa picha kwenye bahasha, akaisukuma mezani. Wanaume kumi na mmoja mbele ya mlango wa mbao, tisa wameketi au kupanga mstari, wenye aproni viunoni, na katikati yao mtu mnene mwenye mkufu mpana kifuani. “Familia inasema ndiye huyu wa katikati. Mkubwa wao.”

Daktari akaiinua picha, akaishusha. “Huyu? Huyu ni mwenyekiti wa mwaka ule. Alikuwa mpima ardhi. Si huyo hapo ukutani?”

Kweli, ukutani alikuwepo, katika fremu ya dhahabu iliyochujuka, mkufu ule ule. Mama Lenzi akapanda juu ya kiti, akaweka kioo chake juu ya sikio la mtu wa ukutani, akashuka, akakiweka juu ya sikio la mtu wa mezani. Uso hunenepa na ndevu huja na kwenda, lakini sikio mtu hufa nalo. Ndewe zote mbili zilikuwa zimeshikana na shavu, bila nafasi. Mtu mmoja.

“Kwa hiyo karibu miaka mia,” alisema daktari, “ukoo mzima umekuwa ukimchukia mpima ardhi wa watu.”

“Hata hakuwajua.”

Hapo angeweza kufunga bahasha. Kwenye orodha hayumo, kwenye picha siye. Angerudi kwa Bibi Fundi na jibu fupi, babu yako hakuwa Frimasoni, tia saini, nenda kalale. Lingekuwa jibu tamu, na Mama Lenzi hakuliamini hata nusu. Glavu zilikataa. Mtu asiye wa loji alizipata wapi, na nani alimfundisha kuzitupa kaburini?

“Daftari la mahudhurio mnalo?” akauliza.

Lilikuwepo, kubwa kama meza ya kahawa, limefungwa kwa ngozi iliyopasuka mgongoni. Kila kikao kilikuwa na ukurasa wake, na kila aliyeingia alikuwa ametia saini kabla ya kupita mlangoni. Zilikuwa saini za majivuno, zenye mikia na vitanzi. Mama Lenzi alifunua taratibu bila kusoma jina hata moja. Alikuwa akitazama pembezoni, mahali ambapo watu husahau kuwa wameacha kitu.

Chini ya kila ukurasa palipigwa mstari kwa rula. Chini ya mstari huo palikuwa na doa la wino upande wa kushoto, na jingine upande wa kulia.

“Ni uchafu tu,” daktari alisema. “Wino wa zamani ulikuwa unavuja.”

“Uchafu haurudi mahali pale pale vikao arobaini, Daktari.” Alikuwa amekwisha kuinama. “Hiki ni kidole gumba.”

Akaweka kipande cha kazi kando ya daftari. Kilikuwa kadi ya karakana ya useremala, imekunjika mara nne, na kwa kuwa mwenyewe hakujua kuandika, mahali pa saini alibonyeza kidole. Mama Lenzi akashusha kioo. Chumba kikaondoka. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ukishatia jicho pale, dunia nyingine huzimika, na kinachobaki ni mistari inayozunguka, inayogawanyika, inayokufa ghafla na kuzaliwa upya mbele kidogo. Hapa mistari ilizunguka kuelekea kulia, na katikati yake lilipita kovu la mshazari, la patasi bila shaka, lililoikata kama njia ya miguu inavyokata shamba. Kovu kwenye kadi. Kovu kwenye daftari. Alihesabu pale mistari inapogawanyika, upande huu na upande ule, bila haraka, na muda wote huo alihisi joto la kidole chenyewe, kimebonyezwa sasa hivi na mtu aliyeondoka kidogo tu kunawa mikono.

Alipofika kumi na nne aliinua kichwa. Hakujua ni dakika ngapi zilikuwa zimepita, na ile saa ya ukumbini haikuwa ya kuulizwa.

“Ni yeye.”

“Lakini kwenye orodha hayumo,” daktari akasema.

“Hawezi kuwemo.” Sauti ilitoka mlangoni. Mzee wa funguo alikuwa amesimama hapo, kofia sasa kichwani, na hakuna aliyemsikia akipanda. “Ile orodha ni ya wanaoketi. Huyo hakuwa anaketi.”

“Mzee Funguo,” daktari alisema, nusu akimtambulisha, nusu akimkanya.

“Unanikanya nini? Kazi ni yangu. Miaka ishirini na sita nalinda mlango wa kikao, tofauti yetu mimi nimesoma.” Akamgeukia Mama Lenzi. “Zamani, binti, walimchukua mtu mwaminifu, fundi, mpishi, yeyote, wakamwapisha kama wao ili wamwamini na mlango. Ni ndugu, sawa, lakini mahali pake ni nje. Anapewa upanga, aproni na glavu. Wote wakiingia anafunga, anatia dole gumba upande wa kushoto. Wakitoka wote, analitia tena upande wa kulia. Yanayosemwa ndani hayamhusu.”

Mama Lenzi akaivuta ile picha tena. Kumi na mmoja, ndiyo, lakini mstarini tisa. Wa kumi alikuwa mtumishi mwenye trei. Na kule pembeni kabisa, ambako kivuli cha mlango kilimla nusu ya mwili, alisimama kijana mwembamba mwenye glavu nyeupe na ncha ya upanga. Hakuwa akiitazama kamera. Alikuwa akitazama barabarani.

“Anasimamaje huko nje?” aliuliza. Aliuliza kwa ajili ya jalada tu, kama ambavyo angeuliza rangi ya shati.

“Hivi.” Mzee Funguo akatoka mpaka kizingitini, akaurudisha mlango, na kupitia upenyo walimwona akigeuka. Uzee ukamdondoka mabegani. Akawa amenyooka, mgongo wake karibu unagusa mbao, uso kule kwenye ukumbi wa njano. “Mgongo kwa mlango. Waliomo ndani ni wako, huna haja ya kuwachungulia. Unaitazama njia. Unasimama mpaka wamalize, ukiwa na njaa, ukiwa na mafua, shauri yako.”

“Na wakichelewa?”

“Wanachelewa kila siku, hao. Unadhani kule chini nilikuwa nalala kwa kupenda?”

Daktari alicheka. Mama Lenzi hakucheka. Alikuwa akiutazama mgongo wa yule mzee, koti lililofifia kwenye mishono. Kwenye kidaftari chake aliandika neno moja, mgongo, akalipigia mstari. Kisha akarudi kazini, maana daktari alikuwa ameanza kutazama saa yake ya mkononi.

Jiwe la kaburi la mtoto lilisema tarehe kumi na tisa. Kwa hiyo kikao kilikuwa jioni ya kumi na nane. Akaupata ukurasa. Saini ishirini na mbili, mstari wa rula, dole lenye kovu upande wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa peupe.

“Aliwafungia,” alisema taratibu. “Hakuwafungulia.”

Akafunua kikao kilichofuata, wiki mbili mbele. Chini ya mstari palikuwa na saini ya mtu mwingine, kwa mwandiko wa shule. Na baada ya hapo, vikao vyote, kovu halikurudi tena.

“Nataka kitabu cha mihtasari, Daktari. Kikao hiki cha wiki mbili baadaye.”

Daktari aliweka mkono juu ya kitabu cha pili. Klipu ya chuma iling'aa kati ya vidole vyake safi. “Hiki ndicho nilichokuomba usifungue. Ni mambo ya ndani, mama.”

“Ni mambo ya mlangoni.”

“Yalisemwa ndani.”

“Uliyabana lini?”

Daktari aliitazama klipu. “Jana.”

“Kwa hiyo uliyasoma. Ulijua yupo.”

“Nilijua kuna mlinzi. Sikujua ni babu wa mtu.” Alikuwa ameona haya, na haya ilimpunguzia miaka. “Tunaapa kutoyatoa nje ya chumba.”

“Hatutoki nje ya chumba. Soma tukiwa hapa hapa. Keshokutwa saa sita mtu huyu anatupwa shimoni na wasio na watu, kwa sababu inaaminika alimtoa mwanawe kwenu. Kwenu, Daktari. Kama ni kweli, funga kitabu.”

Nje ya dirisha la njano kivuli cha ndege kilipita polepole. Daktari akaichomoa klipu, akaiweka mezani kwa uangalifu, na kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

“‘Mlinzi wa mlango akaletwa ndani. Akaulizwa kama ni kweli kwamba tarehe kumi na nane aliacha mlango kabla ya kikao kufungwa. Akajibu ni kweli. Akaulizwa sababu. Akajibu aliletewa habari kuwa mtoto wake amezidiwa, akambeba hospitali kwa miguu. Akaulizwa kama aliujua wajibu wake. Akajibu anaujua. Akaulizwa kama, jambo hilo likitokea tena, atauacha mlango tena.’”

Akainua macho.

“Endelea,” Mzee Funguo alisema.

“‘Akajibu atauacha tena. Ikaamuliwa avuliwe. Upanga ukapokewa. Aproni ikapokewa. Akaulizwa ziko wapi glavu zake. Akajibu amempa mtoto.’”

Mama Lenzi alifunua ukurasa mpya wa kidaftari chake, kwa sababu bado palibaki swali moja na swali ndilo alilozoea kujishikia.

“Mnamzikaje ndugu yenu, Daktari? Hilo nalo lina klipu?”

“Hilo tunalifanya mbele za watu. Ndugu akifa tunamtupia glavu nyeupe na tawi bichi. Ndiyo heshima yetu ya mwisho.”

“Mke wa ndugu je? Mtoto?”

“Hapana. Ni ya ndugu peke yake. Mtoto hana.” Alikifunga kitabu, akakiacha kiganja juu yake. “Hakuwa na ruhusa ya kumpa.”

“Alimpa,” alisema Mzee Funguo.

Saa kumi ilifika ikapita, na mahali fulani mtu mwenye jino bovu alisubiri kwenye kiti cha kuegemea. Daktari wa meno alikuwa ameinamia karatasi, akiunakili ule muhtasari neno kwa neno kwa mkono wake mwenyewe, na mwisho akatia saini na muhuri. Alipomkabidhi Mama Lenzi alisema tu kwamba angependa kuijua siku ya kuhamisha.

Alhamisi asubuhi Bibi Fundi alikuwa akipindia sketi ya shule. Chumba chake cha kushonea kilikuwa kidogo, mlango wake unafungukia barabarani, na vitambaa vilining'inia pande zote hata sauti za nje zikafika zimechujwa. Alizima mashine, akafuta miwani, akasoma ile karatasi. Kisha akarudi juu akaisoma tena, kidole kikifuata mstari.

“Atauacha tena,” alisema.

“Ndivyo alivyojibu.”

“Mbele yao wote.”

“Wote ishirini na kitu.”

Bibi Fundi aliiweka karatasi juu ya sketi. “Sasa kwa nini hakusema? Maisha yake yote watu wanamtemea mate, anapita. Si angesema nilifukuzwa kwa ajili yake?”

“Kikao kilichomfukuza kilikuwa cha ndani. Alikuwa ameapa kutoyasema ya ndani. Katibu anasema wenzake wangemruhusu kusema, lakini yeye hakuwa mtu wa kuomba.”

“Mjinga,” Bibi Fundi alisema, na machozi yakamtoka. Alilia bila kuficha, akijipangusa kwa kipande cha pamba. Mama Lenzi alisubiri. Alikuwa amelikesha hilo lililobaki, akitafuta namna ya kulisema, na hakuwa ameipata.

Bibi Fundi akamtangulia. “Na ile siku kwetu? Basi alifuata nini mlangoni kwetu?”

Mama Lenzi aliinuka. Akaenda mpaka mlango wa chumba, akaurudisha, akageuka akaupa mgongo, akanyooka kama alivyoona jana, mikono mbele, moja juu ya nyingine. Akajikuta anamtazama Bibi Fundi uso kwa uso, na hilo lilimsumbua, maana ilimpasa awe upande wa pili. Hata hivyo alibaki hivyo hivyo.

“Alisimama hivi?”

Bibi Fundi alimtazama kuanzia miguuni hadi mikononi. “Hivyo hivyo,” alisema. “Mikono hivyo hivyo.”

“Ndivyo anavyosimama mlinzi wa loji. Mgongo kwa mlango, uso kwa njia. Haondoki mpaka waliomo ndani wamalize.”

Nje mtu alipita akiburuta toroli, sauti ikaja, ikapungua, ikaisha.

“Nilichungulia kwenye tundu la ufunguo mpaka usingizi ukanichukua,” Bibi Fundi alisema. Alikuwa akiongea na sketi. “Asubuhi baba akaamka anaomba maji, homa imekwisha. Mama akafungua mlango, akakuta nyayo mbili kizingitini, kwenye vumbi. Visigino vimegusa ubao wa mlango kabisa. Alizifagia upesi akamwaga maji, akasema tusizikanyage, mchawi amelala akitazama nyumba ya kuendea. Nilikuwa nimeshika ufagio wa pili.” Akavuta pumzi. “Nilimwambia hamna mtu.”

“Ulikuwa na miaka minane. Ulitumwa.”

“Alinijibu, unajua? Hilo sikukwambia. Aliponiangalia alisema, sawa mama. Aliniita mama. Halafu ndiyo akageuka.”

“Alijua mpo ndani,” Mama Lenzi alisema. “Asingelinda nyumba tupu.”

Bibi Fundi akaitoa fomu ya manispaa chini ya boksi la vifungo. Aliijaza kwa penseli kwanza, kama alivyozoea kuchora kitambaa kabla ya kushika mkasi, kisha akapita juu ya maneno kwa kalamu, taratibu, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Mbele ya jina la mtoto, pale palipouliza alazwe karibu na nani, aliandika: baba yake. Mbele ya jina la babu aliandika: binti yake. Palibaki nafasi ya maelezo mengine, ambayo watu wengi huiacha. Hapo aliandika kwamba mzee alazwe upande wa njiani.

Alikuwa anatia saini pale mlango ulipobishwa. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, aliyekuja kuichukua fomu na kuhakikisha imeandikwa kama alivyotaka yeye. “Hodi humu? Kuna mtu?”

Siku zote Bibi Fundi humjibu mtu akiwa kwenye mashine, sukuma pako wazi, wala hainui kichwa. Safari hii aliweka kalamu chini, akashikilia ukingo wa meza, akainuka kwa magoti yake mabovu. Mama Lenzi alipotaka kumsaidia alimzuia kwa mkono.

“Tupo,” akaitikia, na akaenda kufungua mwenyewe.